Nyimbo Kumi na Saba za Mwalimu Elifasi Mbonde wa Mbuchi

Nani kati yenu anaujua wimbo hata mmoja wa mtu huyu tunayemzika? Msiinamishe vichwa, huu si mtihani, nauliza kwa sababu ukoo umenipa kazi ya kusoma historia ya mtunzi wa nyimbo za kanisa, na ni haki tuelewane mapema kwamba tunamlilia mtunzi ambaye hatukuwahi kumwimba.

Mwalimu Elifasi Mbonde, baba yangu mdogo, alizaliwa katika milima ya Umatumbi mwaka 1907, mtoto wa pili na wa mwisho, wa kwanza akiwa marehemu baba yangu. Cheti cha misheni kinasema alizaliwa tarehe 3 Juni, lakini hiyo ni siku aliyobatizwa, kuzaliwa kwenyewe hakukuandikwa na mtu, na fomu ilitaka kujazwa.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1919 hadi 1924, akaendelea na mafunzo ya ualimu mwaka 1925 hadi 1927, na huko ndiko alikojifunza nota za do-re-mi, kupanga sauti nne, na kupiga kinanda cha kukanyaga, kinanda ambacho hakukigusa tena maishani mwake kwa kuwa huku delta hakikufika.

Tarehe 1 Machi 1931 alipelekwa hapa Mbuchi kuwa mwalimu na mwinjilisti wa Wakristo kumi na wanne, makarani na wakata mikoko waliotoka bara, akawafundisha watoto kusoma siku za kazi na kuongoza ibada Jumapili. Kazi ya mikoko ilihamia kwingine, watu wake wakahama nayo, na kufikia mwaka 1938 kanisa zima lilikuwa yeye, mkewe, na mzee mmoja ambaye alikuwa kiziwi. Hata hivyo aliendelea kutunga kwa sauti nne, na alipoulizwa nani ataziimba alijibu kwamba watu wanaweza kuja, sauti zikiwa hazipo wakifika wataimba nini.

Tarehe 22 Aprili 1933 alifunga ndoa na Mwanaheri binti Abbasi wa Ruaruke, aliyebatizwa wiki moja kabla, na katika harusi hiyo kutoka upande wa bibi harusi hakuja mtu, jambo ambalo sitamlaumu nalo yeyote leo, maana baadhi yao wamekuja na mchele wa matanga na wamekaa pale nyuma. Walijaliwa mtoto mmoja, Zena, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1935 na kufa kwa homa mwezi Mei 1937.

Sasa niwaeleze nyimbo zenyewe, kwa sababu katika barua za rambirambi nimesoma kwamba marehemu alikuwa na kipaji kikubwa, na walioandika hawakuwahi kusikia hata mstari. Mnajua wenyewe jinsi tunavyoamia mpunga ukianza kukomaa, tukifukuza ndege, kila mtu juu ya dungu lake la miti, na jinsi mtu anavyomwita mwenzake dungu la pili, sauti ikavuka shamba, ikafika, ndipo jibu likaanza kurudi. Baba Mdogo na mkewe walikuwa na madungu mawili, moja huku na moja kule karibu na mto, na huko juu ndiko alikotungia, yeye akiimba sauti ya kwanza, anangoja, kisha sauti ya pili inaingia kutoka upande wa mto. Akaandika hivyo hivyo kwenye nota, pamoja na ule ukimya wa katikati, ameupima kwa vidole, mrefu sawasawa na shamba. Mchungaji mkaguzi alipokuja mwaka 1936 aliishika karatasi, akaitazama sana, akauliza, "Hapa waimbaji wanangoja nini?" naye akajibu, "Wanangoja isikike." Mchungaji akamwambia kwamba kanisani watu husimama bega kwa bega, ukimya wa namna hiyo utaonekana kosa, naye akasema ndiyo mchungaji, na hakufuta kitu.

Sauti ya nne alimfundisha jirani yake Khamisi, ambaye ni Mwislamu na yuko hapa mbele yenu, na ambaye tangu siku ya kwanza alimwambia, "Mwalimu, besi nitakupa, lakini maneno yako siyatamki, nisije nikaulizwa mimi huko mbele," akawa anavuma tu bila neno, msimu baada ya msimu, na ameniambia jana kwamba zote anazikumbuka ila hajui zilikuwa zinasema nini.

Mwanaheri alifariki tarehe 30 Oktoba 1944. Walioamia msimu uliofuata wanasema marehemu alikuwa akiimba sauti ya kwanza, ananyamaza kwa kipimo kile kile, halafu anaendelea na mstari wa pili kana kwamba amejibiwa.

Mwishoni mwa mwaka 1947 ilifika habari kwamba kamati ya misheni Dar es Salaam inakusanya nyimbo za waumini wenyewe kwa ajili ya kitabu kipya. Alinakili nyimbo zake kumi na saba kwa mkono safi, akazitia kwenye bahasha, na Januari 1948 akazituma kwa mkono wa mtu aliyekuwa akisafiri, kisha akaanza kungoja. Barua za Mbuchi hushushwa dukani kwa Zaverchand, na kila Jumamosi alikwenda huko, Zaverchand akamtania, "Mwalimu, serikali yenyewe haipati barua kila wiki, wewe nani?" na mkewe Hansaben akamtolea kigoda na chai, hadi Zaverchand mwenyewe akaacha kutania, akawa anatikisa kichwa tu akimwona mlangoni.

Mto ulipofurika Machi 1952 na kuingia nyumbani kwake, ulichukua kitanda, mbegu, na daftari lake la nyimbo. Majirani walikwenda kumpa pole, wakamkuta anaanika mikeka, akawaambia daftari si neno, nyimbo ziko Dar es Salaam, mahali pakavu. Hakutunga tena baada ya hapo, alisema atangoja kwanza asikie hizo zimepokewaje.

Alianza kuugua kifua mwaka 1956. Tarehe 2 Agosti mwaka huu wa 1959 alipelekwa Utete kwa mtumbwi, akalazwa hospitali, akafariki tarehe 14 Agosti saa nne asubuhi, Khamisi akiwa pembeni yake, mimi nikiwa njiani.

Ukoo unawashukuru mganga na wauguzi wa Utete, walimu wenzake waliofunga shule ili waje, Zaverchand na Hansaben waliotoa sanda na sukari, Khamisi na wanawe waliochimba kaburi la Mkristo bila kuombwa mara mbili, na ndugu wa Ruaruke, ambao leo wamefika.

Mahali hapa msomaji humtakia marehemu usingizi mwema, akakunja karatasi, akakaa. Lala, Baba Mdogo, na usingoje tena, maana nimesikia tangu jana watu wakiinung'unikia kamati kwamba ilimdharau, na kamati haina kosa, haikupata kitu. Aliyekabidhiwa bahasha ile nilikuwa mimi, nikirudi shule ya bweni, nina miaka kumi na mitano na mwaka mmoja wa masomo ya piano. Niliifungua melini, nikaona zile nafasi tupu kati ya sauti na sauti, nikaona haya, nikasema wanakamati watacheka, na watajua mtunzi ni wa kwetu. Karatasi zilikuwa shida miaka ile, nyuma yake zilikuwa nyeupe, nikafanyia aljebra mwaka mzima, nikafaulu, ndiyo iliyonipeleka Makerere. Kila likizo aliponiuliza wamesemaje, nilimjibu, "Bado wanazisoma, Baba Mdogo." Hakuna aliyezisoma. Zilipojaa hesabu nilizipeleka jikoni kwa mpishi wa shule, nikasimama pale mpaka zikaungua zote, mimi, kwa mikono yangu.