Kibao cha Feni cha Mama Redio

Benchi la Bibi Birika limekaa pale njia mbili zinapokutana, ukuta wa kinyozi upande mmoja na mtaro upande wa pili, na usipolijua utadhani limeibwa sebuleni kwa mtu, maana lina mto wa sponji na ngozi ya plastiki nyekundu yenye mshono maradufu. Ni kazi ya Fundi Sofa. Fundi Sofa hajawahi kukuta kitu kiko uchi akakiacha hivyo hivyo. Kavalisha viti vya kinyozi, kavalisha stuli ya muuza magazeti, kavalisha hata mpini wa birika la bibi usimuunguze. Bibi mwenyewe ni mwanamke wa miaka sabini na ushei, sikio lake linafika mtaa wa tatu, na asilolisikia yeye basi halijasemwa bado. Asubuhi hiyo waliokaa walikuwa wawili tu: Injinia, aliyepewa jina siku alipofungua redio ya kinyozi, akaifunga, zikabaki skrubu saba, na Wakili, aliyefagia mahakama miaka kumi na minane akatoka na sheria zote kichwani pamoja na nyingine za kwake. Wa tatu akaja Fundi Sofa, hajanyoa, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye khanga kama mtu anayepeleka mtoto mchanga kliniki.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, baba. Mama Redio kaamkaje?

— Kaamka. Kageukia ukutani.

— Kala?

— Nimepeleka kijiko, kafunga meno. Tangu juzi ni hivyo.

Bibi Birika akammiminia kikombe cha kahawa bila kuulizwa. Mama Redio ni mke wa Fundi, na jina lile hakuokota njiani. Enzi zake alikuwa anaanza kusema anapofungua dirisha asubuhi na kumaliza anapolifunga jioni, na katikati hapakuwa hata na wimbo wa kupumzikia. Ndoa ngapi zilijengwa pale dirishani, na mbili tatu zikavunjikia pale pale, wanaojua wanajua. Kikaja kiharusi, miaka mitatu iliyopita, kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi mzima.

Binti yao anayefanya kazi nchi ya mbali ndiye aliyemrudisha mama yake duniani. Alimtumia laptop yenye picha: mgonjwa anagusa kwa kidole cha kushoto, maji, choo, maumivu, ndiyo, hapana, na mashine inatamka. Akiwa na jambo kubwa anaandika herufi moja moja, kidole kinatambaa kama konokono, lakini kinafika. Sauti ilikuwa ya mwanamke asiyejulikana, kavu, kama ya wale wanaotangaza mabasi stendi. Lakini umbea ulikuwa wa Mama Redio mtupu. Bibi Birika alikuwa akipita kila alasiri kuusikiliza, na akitoka pale mbavu zinamuuma kwa kucheka.

Tangu juzi hakuna sauti. Laptop imeungua. Fundi wa kompyuta aliitazama mara moja tu, akarudisha mfuniko, akatikisa kichwa.

— Na ile laptop ya pili, aliyoituma binti baada ya hii kuanza kusumbua, imefika? aliuliza Wakili.

— Imefika jana. Binti kaniambia, baba, hiyo ndiyo niliyokuwa nafanyia kazi mimi mwenyewe. Na hiyo ikiungua sina pa kutoa nyingine.

— Sasa mbona hujamwekea mgonjwa?

— Naogopa.

— Unaogopa laptop?

— Naogopa hiki.

Fundi akafungua khanga. Ndani kulikuwa na kile kibao cha feni, kile kinachokaa chini ya laptop kuipoza. Ungekiona ungetaka kukilalia. Kimevalishwa ngozi ya plastiki ya maruni, kimevimba vizuri kama mto wa bwana harusi, mshono umenyooka kuliko barabara nyingi tulizonazo. Injinia akakipokea, akakigeuza, akakipiga kofi kama anayechagua tikiti maji.

— Hiki kina muda gani?

— Miaka mitatu. Kilikuja pamoja na laptop.

— Acha uongo wewe! Hiki kimetoka dukani jana.

— Miaka mitatu, nakwambia. Mwaka wa kwanza kilikuwa kitupu, wavu wa chuma uko wazi. Binti aliniagiza, baba, kila Jumamosi ukifute vumbi kwa brashi laini, usipulize kwa mdomo, ukipuliza unatia mate. Nikafuta, Jumamosi kwa Jumamosi. Lakini wavu ukaanza kutu, miguu ya mpira ikang'oka, na kona moja ikapasuka mgonjwa alipokidondosha. Nikajiuliza, hivi mimi ni fundi au mpita njia? Nikakivalisha.

— Sponji gani?

— Inchi moja, ile ngumu. Ngozi juu, ngozi chini, nikaacha tundu la waya peke yake. Tangu siku ile sijaona vumbi humo, wala brashi sijui iko wapi.

— Huyu ndiye fundi, bwana! Wakili akalipapasa benchi alilokalia. — Tazameni hili. Mvua, jua, na makalio ya Injinia, lakini lipo. Kitu kikipita mikononi mwa huyu kitamzika mwenyewe.

— Mikono yako ina baraka, baba, alisema Bibi Birika, na alisema kweli tupu ya moyo wake, maana ule mpini wa birika ulimwondolea malengelenge ya miaka.

— Na shemeji alikipenda? Injinia akauliza.

— Mwanzoni alikataa. Nilipomwekea tu, akagusa hapana, hapana, hapana. Mara tatu. Nikajua ni rangi. Ilikuwa nyeusi, na nyeusi nani anaitaka kitandani kwa mgonjwa? Nikamshonea hii ya maruni, juu ya ile ile nyeusi, iwe imara zaidi.

— Akaridhika?

— Akanyamaza.

— Wanawake na rangi! alisema Wakili.

Bibi Birika akamkata jicho, Wakili akarudi kwenye kikombe chake.

— Sasa sikilizeni, Fundi aliendelea, na sauti yake ikashuka. — Kuanzia mwaka jana mashine ikaanza kuzima yenyewe. Kwanza baada ya saa nzima. Baadaye nusu saa. Baadaye dakika kumi. Joto lake, huweki kiganja. Mwisho mgonjwa akawa anaanza neno, halijafika katikati, kioo cheusi. Anasubiri ipoe, anaanza tena, kioo cheusi. Juzi ikatoa harufu ya plastiki, ikawa ndiyo basi. Mimi nataka mniambie kitu kimoja tu. Hiki kibao kimechakaa, au hakijachakaa? Nikiiweka hii ya binti juu yake, itapona?

Injinia akaazima betri ya Wakili ya kuchajia simu, akachomeka waya. Ndani ya sponji feni zikaunguruma taratibu, kama paka aliyeshiba.

— Zinazunguka! alisema kwa ushindi. — Umesikia? Zote mbili. Feni za miaka mitatu na hazikohoi. Kosa si lake.

— Kosa la nani sasa?

— Uchovu. Feni ni kama mtu, ndugu yangu. Zinazunguka lakini moyo haupo. Zitie mafuta ya cherehani, tone moja moja, na siku moja kwa wiki uzipumzishe.

— Nilizipumzisha. Mgonjwa alipokuwa halali, nilikaa naipepea mashine kwa gazeti.

— Basi zinazunguka kinyume, Wakili akaingilia. — Hilo mimi nililiona mahakamani. Feni ya jaji iligeuzwa waya, ikawa inamwaga joto badala ya upepo. Watu walifungwa miaka mingi mwezi ule, jaji hana raha. Wewe geuza kibao, kilale kifudifudi.

— Nimegeuza. Ni vile vile.

— Kote?

— Juu, chini, ubavu. Kote.

Injinia akakuna kidevu. Hapo Bibi Birika alijua kinakuja kikubwa, maana Injinia akikuna kidevu huwa kaishiwa na anayoyajua, anaanza na asiyoyajua.

— Ile mashine imetengenezwa kwenye baridi, alisema. — Kule kwenye theluji. Imezaliwa huko, imezoea huko. Hapa kwetu inapumua kwa shida tangu siku ya kwanza. Hata uiwekee feni ishirini, inakumbuka kwao. Mashine inakufa kwa majonzi, bwana, usicheke.

— Nani anacheka? alisema Fundi.

Kweli hakuna aliyecheka.

— Nasema hivi, Wakili akasogea mbele, kidole juu. — Laptop ina kiwango chake cha maneno. Imewekewa maneno ya mtu wa kawaida, mtu wa ofisini, habari za asubuhi, kazi njema. Leo unamkabidhi Mama Redio! Mwanamke aliyezoea kusema kutwa kwa miaka arobaini, sasa maneno yamejazana kifuani, yote yanataka kupita kwenye kidole kimoja. Hayo ndiyo yanayowaka. Kibao cha feni kinaweza nini pale? Shemeji ndiye aliyeiunguza.

— Wakili! Bibi Birika akapiga birika kwa kijiko. — Chunga mdomo wako.

— Nasema kitaalamu, bibi.

— Utaalamu wako kaufagilie.

Lakini neno lilikuwa limeshatua, na Bibi aliliona lilipotua. Fundi Sofa alishika tama, macho kwenye vumbi. Bibi alimfahamu vizuri yule. Ni mtu wa kuamini kwamba kila kitu kikiharibika ni kwa sababu hakikufunikwa vya kutosha. Sasa aliambiwa kuna kitu kisichofunikika, nacho ni mkewe.

— Pengine ni kweli, alisema polepole. — Wiki ile ya mwisho alikuwa anarudia jambo lile lile. Anaandika, inazima. Anaandika, inazima. Anatoka jasho. Nikamwambia, mke wangu, pumzika, kesho utasema. Kila siku nikamwambia kesho.

— Alitaka kusema nini?

— Sijui, bibi. Ndiyo maana nataka hii nyingine iishi. Dakika kumi tu zinamtosha amalize. Hata kama ni kunitukana, amalize.

Hapo hata Injinia alitazama pembeni. Bibi Birika akajimiminia kikombe chake mwenyewe, jambo asilolifanya kabla ya saa sita, akakinywa chungu vile vile.

— Mimi nasema weka, Injinia akatoa hukumu mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetaka mambo yaishe. — Kibao kizima, macho yote yameona, masikio yamesikia. Ile ya kwanza ilikuwa mbovu toka tumboni mwa mama yake. Nenda kaweke hii mpya.

— Sheria inakuruhusu, alisema Wakili.

— Bibi, wewe unasemaje?

Bibi Birika alikitazama kibao, ule mshono ulionyooka, ile ngozi isiyo na hata mkwaruzo baada ya miaka yote hiyo. Alitamani sauti ya mwanamke yule wa stendi imwambie tena nani kaachana na nani.

— Kaweke, baba, alisema. — Kaweke leo leo.

Fundi akasimama. Alikuwa tayari ameanza kukifunga kibao kwenye khanga alipopita mtu ambaye hakuna aliyemjua pale, mwanamume wa makamo, rejeta ya lori iko begani, grisi hadi kwenye viwiko. Akaishusha rejeta kwa pumzi moja.

— Habari zenu, wazee wangu. Mama, nipatie kahawa, nimetoka mbali na hili dude.

— Karibu, baba. Keti.

— Nikikaa nitachafua kiti cha watu. Akakiona kibao. Feni zilikuwa bado zinaunguruma, Injinia hakuwa amechomoa waya. — Hicho nacho ni nini kinacholia?

— Kibao cha kupozea laptop, alisema Wakili kwa madaha. — Kina miaka mitatu. Kishike, uone kazi ya mikono.

Yule mtu alijifuta vidole kwenye suruali, akakipokea. Hakukipiga kofi. Alikiweka karibu na shavu, upande mmoja, akasubiri. Akakigeuza, akakiweka upande wa pili, akasubiri tena, kama mtu anayesikiliza kama mgonjwa bado anapumua. Kisha akabonyeza sponji kwa dole gumba.

— Na upepo unatokea wapi? aliuliza.

Injinia aliweka kiganja juu ya ngozi, akitafuta upepo. Wakili akaweka chake chini. Feni zilizunguka humo ndani, zikazunguka.

— Nauliza tu, alisema mgeni, akiwatazama mmoja mmoja. — Mimi nazijua rejeta, haya mengine siyajui.

Fundi Sofa alikichukua kibao chake. Akatoa mfukoni wembe wake wa kufumulia, akauweka kwenye kona moja ya mshono, kona ya kushoto, lakini hakukata. Alikuwa anaigusa kona ile kwa kidole, anaipapasa huku na huku.

— Hapa palikuwa panafumuka, alisema, na haikujulikana anamwambia nani. — Kila nikitoka kazini nakuta uzi umechomolewa. Kona hii hii, upande wa mkono wa mke wangu ulio mzima. Nashona, kesho nakuta umechomolewa. Nikasema ni ugonjwa, vidole havitulii.

— Ukafanyaje, baba? aliuliza Bibi Birika.

— Nikamkata kucha.