Gesti ya Ndugu Watupu

Tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua pamba, gesti ya Milembe pale Bariadi ilijaa kila msimu. Ndani ya basi la kutoka Lalago, Milembe mwenyewe alikuwa anamtobolea siri mwanamume aliyekaa naye kiti kimoja. "Ushuru wa kulala ni wa wapangaji, si wa ndugu, baba. Mimi kila mgeni namuuliza ukoo wake mpaka tuwe ndugu, kisha naandika kitabuni: mjomba, shemeji."

"Na akija Mzaramo?"

"Mtani huyo! Mtani unamtozaje ushuru?"

"Na mimi, mkusanya ushuru mpya, utaniandika nani?"

Basi likasimama stendi.

"Mkwe," akasema Milembe, akimshushia begi kwa heshima zote. "Na mkwe hachungulii vyumba vya mama mkwe, sembuse kuhesabu vitanda."