Mkono wa Keziah Entwisle

Mashine iliukata mkono wa kulia wa Keziah Entwisle, Jumamosi, saa sita kasoro robo mchana. Aliyeitengeneza mashine hiyo ni Jabez Entwisle, kaka yake wa tumbo moja. Na Jabez alijua hatari yake.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Jabez wa hapa kwetu Thornshaw. Mtengenezaji wa mashine za kufuma. Mbunge wetu kwa miaka sita, enzi za Malkia Viktoria. Sanamu yake mnaipita mkienda sokoni. Lakini hatutawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mashine yake ya kwanza ilikuwa na kinga ya chuma juu ya magurudumu ya meno. Aliichora mwenyewe. Wenye viwanda wakanung'unika kwamba kuifungua na kuifunga kunapoteza muda.

"Bwana Entwisle, sisi tunanunua mashine," mmoja alimwambia. "Kabati tunazo nyumbani."

Jabez akaiondoa kinga.

Sasa, mashine zilisafishwa Jumamosi kabla ya kengele ya saa sita, na kusafisha hakukuwa na malipo. Kwa hiyo wafumaji, wasipoteze ujira, walisafisha huku mashine inakwenda. Jabez alijua. Mama yake alisafisha hivyohivyo.

Keziah, mjane, alikuwa mfumaji. Kaka alimwita akaishi kwake, akakataa. "Nikae sebuleni nipanguse vijiko?"

Kisha bungeni ukaja muswada wa kulazimisha kinga. Jabez akasimama kuupinga. Alisema: "Mfumaji mwangalifu haumii." Wakamshangilia. Muswada ukaanguka.

Miezi minne baadaye, akaumia Keziah. Jabez alifika kitandani kwake na kofia mkononi.

"Kezi..."

"Kwani sikuwa mwangalifu, kaka?"

Kwa wiki kumi na moja kiwanda chake kilitengeneza kinga tu, akazigawa bure. Wenye viwanda wakaziacha nje zipate kutu. Akarudi bungeni kusema kwamba alidanganya, na kwamba alijua anadanganya. Uchaguzi uliofuata akaangushwa. Wenye viwanda walikuwa na kura. Akina Keziah hawakuwa nayo.

Bi Hephzibah, mjukuu wa Keziah, alitusimulia. Kila Jumapili, kabla ya ibada, Jabez alikwenda kumfungia dada yake vifungo vya viatu.

"Bibi alikuwa akimtania: 'Mheshimiwa, umeruka kimoja.' Babu Jabez hacheki. Anafungua vyote, anaanza upya."

"Alimsamehe?" tulimuuliza.

"Mapema sana. Babu ndiye hakuupokea msamaha. Alisema mkono haujarudi."

Alifunga vifungo hivyo miaka kumi na minne, mpaka alipokufa.

Pole kwako, Bi Hephzibah, na kwa ukoo mzima wa Entwisle. Pole zaidi kwa nyumba za wafumaji ambao majina yao hayakuandikwa popote. Nawe unayesikiliza, kama kuna hatari unayoijua na umeinyamazia, usingoje impate mtu wako ndipo useme.

Sheria ya kinga ilipita miaka mitano baada ya hotuba ile ya "mfumaji mwangalifu". Katika miaka hiyo mitano, hapa Thornshaw peke yake, mashine za Jabez zilikata vidole thelathini na viwili. Zilikata mikono saba, wa Keziah ukiwemo. Ziliua wanawake watatu.