Sosthenes Mgongolwa na Nyumba Namba Arobaini na Moja

Baba Paroko, ndugu wafiwa na waombolezaji, mimi ni Evarista, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya kaka yetu, pamoja na kosa lake, kwa sababu yeye mwenyewe alitukataza kulificha.

Sosthenes Yotamu Mgongolwa alizaliwa hapa Kalenga tarehe 14 Machi 1974, akasoma shule ya msingi hapahapa, akamaliza kidato cha nne Iringa mjini mwaka 1993, na mwaka 1998 akapata stashahada ya maabara Mbeya, alikofanya kazi hadi alipougua. Tarehe 5 Julai 2003 alifunga ndoa na Leokadia, wakajaliwa watoto wawili, Eveline na Philbert.

Mwaka 2016 alichukua damu katika nyumba sitini na mbili za Usangu, kwa utafiti wa vinasaba vya selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa wazazi, ili taarifa ziwekwe wazi mtandaoni, watafiti wa nchi zote wazitumie. Aliagizwa aandike namba tupu, lakini kaka yetu aliona aibu kumwita mtu mzima namba kama ng'ombe wa mnadani, akaongeza jina la mwenye nyumba na kijiji chake. Miaka miwili baadaye ndugu wa mchumba wa binti wa nyumba namba arobaini na moja, akiwa chuoni, alizisoma taarifa hizo, akaona nyumba ile ina vinasaba vya ugonjwa huo, uchumba ukavunjika, na ng'ombe wa mahari wakarudi kwao. Majina yalifutwa siku ileile, lakini nakala zilishasambaa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu hapo aliwafundisha wenzake kuomba ridhaa kwa lugha ya mwenye damu, kumweleza nani atasoma, na kuondoa kila kinachomtambulisha. Alizirudia nyumba zote kuomba radhi. Ile ya arobaini na moja aliiendea mara tatu, akapewa kiti, akapewa maziwa, hakupewa jibu.

Ini lilianza kumsumbua Agosti 2023. Kwenye homa alizitaja namba moja moja, na kila namba aliiitikia mwenyewe, isipokuwa arobaini na moja, hapo alinyamaza akisikiliza, nasi tukasikiliza naye, na mimi hadi leo nasikiliza. Alifariki Mbeya tarehe 9 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake.

Tumeambiwa yule binti yupo hapa. Naomba tusigeuke kumtafuta kwa macho. Mdogo wangu, kama una neno, hata la hasira, kaburi litafunikwa saa tisa.

Kaka, pumzika kwa amani, ile uliyoiomba mlangoni mara tatu.