Esta Nyamizi Lufungulo, Mama wa Matobolwa ya Ngokolo

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, viongozi wa kanisa, majirani wa Ngokolo na ninyi mliosafiri kutoka Geita, naitwa Magesa Lufungulo, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ambayo kwa umri wetu yeye ndiye angepaswa kuifanya kwa ajili yangu, kwa hiyo nikisimama katikati ya sentensi naomba mnivumilie.

Mdogo wetu Esta Nyamizi alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 katika kijiji cha Mwanundi, Wilaya ya Shinyanga, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Lufungulo na mama yetu ambaye amekaa hapa mbele, na jina la Nyamizi alipewa la bibi yetu mzaa baba, ambaye wanaomkumbuka wanasema naye alikuwa hasikii neno hapana mpaka alisikie mara tatu.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwetu kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, kisha akajiunga na sekondari hapa Shinyanga mjini mwaka 2001 na kumaliza kidato cha nne mwaka 2004, na matokeo yalipotoka hayakumfikisha kidato cha tano, akalia siku moja, siku ya pili akaomba nauli ya kuja mjini kutafuta kazi.

Mwezi Februari 2005 aliajiriwa katika duka la vifungashio la Bwana Mohsin na mkewe Bi Nazia, pale Kambarage, akiuza mifuko, chupa na makopo kwa akina mama wa maandazi, ubuyu na karanga, na alikaa hapo miaka minane, akizoea kutazama kitu anachouza mtu na kumwambia kinafaa kukaa ndani ya nini.

Tarehe 12 Julai 2008 alifunga ndoa na Bwana Bujiku Shilinde, wakati huo mkulima wa pamba, na Mungu akawajalia watoto watatu, Mariana aliyezaliwa mwaka 2009, George mwaka 2012, na Mageni mwaka 2016. Pamba ilipoacha kulipa, shemeji yetu alikwenda machimboni Geita mwaka 2010 kama walivyokwenda vijana wengi wa huku, akawa anashuka kwenye duara, yaani lile shimo refu la wachimbaji wadogo, na mwaka 2013 Esta aliacha kazi ya duka akamfuata na watoto, wakapanga nyumba Kalangalala, mjini Geita.

Tarehe 21 Agosti 2017 duara lile liliporomoka asubuhi, shemeji akiwa chini na wenzake wawili, na yeye akatolewa kesho yake jioni akiwa hai, wenzake hawakutoka. Kwa siku zote mbili Esta alikuwa amesimama nje ya kamba, Mageni mgongoni, hakukaa chini hata alipoletewa kigoda.

Wiki moja baadaye nilikuwa nimekaa nao sebuleni Kalangalala, na ndipo nilipomsikia akisema neno ambalo maisha yake yaliyobaki yalikuwa kulitimiza, alimwambia mumewe, "Baba Mariana, mimi mali ya huko chini siitaki tena, nakutaka wewe juu." Shemeji, ambaye alikuwa bado hawezi kunyanyua mkono wa kushoto, akacheka kidogo akamjibu, "Nikikaa juu tutakula nini, Mama Mariana, michembe?" Alisema kwa mzaha, akitaja viazi vikavu ambavyo kila Msukuma hapa amelelewa navyo na kuvichoka, lakini mdogo wetu hakucheka, akasema, "Ndiyo, michembe."

Nimesoma vitabu kadhaa vinavyoeleza jinsi wazo linavyogeuka kuwa biashara, na vingi vinaanza na mtaji, lakini nilichokiona kwa Esta kilianza na woga, na kila kosa alilolifanya baada ya hapo alilirekebisha kama mtu ambaye mumewe bado yuko shimoni, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, mkono ulipopona shemeji alirudi chini.

Alianza mapema mwaka 2018 kwa kupeleka michembe pale juu ya duara, akakuta wachimbaji wanamcheka, wakimwambia, "Shemeji, huku chini tutapikia wapi, au umetuletea chakula cha mbuzi?" Akaona wamesema kweli, michembe hukaushwa mibichi na lazima ipikwe, akageukia matobolwa, viazi vinavyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, ambavyo mtu anaweza kutia mfukoni na kutafuna akiwa popote bila moto, na joto la chini halivichachishi kama linavyochachisha ugali na maharage.

Matobolwa yalipendwa, naye kwa furaha akayachanganya na karanga za kukaanga kama mama yetu alivyotufanyia utotoni, asijue kwamba kwenye duara lile karanga ni mwiko, waliamini zikishuka dhahabu inakimbia, na shemeji hakuwahi kumwambia kwa sababu mambo ya mwiko hayaletwi nyumbani. Wiki ile hawakupata kitu, mifuko ikatupwa, wakamwita Mama Karanga, wakamwambia asikanyage tena pale. Sisi tunaokaa penye mwanga tunaweza kuwacheka, lakini mtu anayeshuka kila siku mahali ambapo wenzake wamebaki, mimi sioni kwa nini nimpangie cha kuogopa, na nadhani Esta aliona hivyo hivyo, kwa maana hakubishana, alikwenda kwa Bwana Mwita, msimamizi wa duara, akamwamkia shikamoo, akaomba radhi kwa kuvunja mwiko wa watu. Bwana Mwita alimwambia, "Shemeji, hatuna ugomvi na karanga zako, sisi tunaogopa tu." Tangu siku hiyo akatengeneza aina mbili, yenye karanga ya kuuza mjini na isiyo na karanga ya machimboni, na ile ya machimboni ndiyo iliyomsimamisha.

Januari 2019 alirudi Shinyanga na watoto, kwa sababu ya jua letu na kwa sababu viazi viko huku, akapanga chumba hapa Ngokolo, akakusanya akina mama wa Mwanundi wawe wanaanika juu ya majabali yale yale tuliyochezea. Mzigo wa kwanza ulioza wote, alifungasha kabla haujakauka sawasawa, tena kwenye mifuko myeusi, na alipoupeleka kwa Bi Nazia kuomba ushauri, mama huyu, ambaye yupo hapa nasi, alimwambia, "Wewe Esta, miaka minane umewafundisha wateja wangu, leo unaniletea chakula kwenye mfuko mweusi? Mtu ataona nini humo, giza?" Kisha akamwagizia mifuko angavu na mashine ya kuziba, akamwazima kiti cha kukalia akiitumia, na kiti kile hakijawahi kurudi Kambarage.

Akajenga vichanja vya kuanikia vyenye wavu juu, akahudhuria mafunzo ya wajasiriamali, akapeleka sampuli zake kupimwa zikakataliwa kwa unyevu, akaanza upya, na mwezi Juni 2021 alipata alama ya ubora. Matobolwa yake yakawa yanauzwa Geita, Kahama na hapa stendi, na akina mama wa kijijini wakawa na kazi hata pamba ilipokosa mvua. Sisi tulimpongeza, yeye hakusherehekea, alisema bado.

Alisherehekea tarehe 3 Januari 2022, siku shemeji alipopanda kutoka kwenye duara kwa mara ya mwisho na kuja Ngokolo kuchukua kisu cha kukatia viazi. Wenzake walimpigia simu kumtania, "Bujiku, siku hizi unachimba viazi?" naye akawajibu, "Viazi haviporomoki." Esta alichinja kuku wawili, na mama yetu anasema hajawahi kumwona akila hivyo.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka.

Mwezi Februari 2024 mdogo wetu alianza kuumwa tumbo la chini na kutokwa damu, hakumwambia mtu. Ulikuwa msimu wa viazi unakaribia, lakini si hilo, alimweleza mke wangu baadaye kwamba alijua shemeji akisikia neno hospitali kubwa atarudi duarani kutafuta hela, na yeye hakumtoa chini ili akamrudishe kwa mkono wake mwenyewe. Akanywa dawa za maumivu, akaendelea kuziba mifuko. Tulipogundua mwezi Septemba, alipoanguka kwenye vichanja, madaktari walituambia ni saratani ya shingo ya kizazi na imekwishasambaa.

Wapo waliouliza hapa msibani kwa nini hakusema, na wapo wanaomuuliza shemeji kwa nini hakuona. Nawaomba maswali hayo tuyaache, kwa sababu nimekaa nayo mwaka mzima na kila nikidhani nimempata wa kumlaumu, nakuta ni mtu aliyekuwa anampenda mwenzake.

Alichokiogopa kilitaka kutokea. Shemeji alifunga buti na kurunzi kwenye mfuko, Esta akiwa kitandani akaviona, akamwambia, "Ukishuka, mimi dawa sinywi." Shemeji akavifungua. Matibabu ya mionzi na dripu katika hospitali ya rufaa jijini Mwanza yalilipwa na matobolwa, ndugu zake na kanisa, na akina mama wa Mwanundi waliendelea kuanika bila kusimamiwa. Tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi, Esta alituacha akiwa nyumbani kwake Ngokolo, akiwa na miaka thelathini na tisa, mkono wake ukiwa kwa Mariana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hata pale ambapo hapakuwa na la kufanya, majirani waliopika na kukesha, kwaya, Bwana Mohsin na Bi Nazia waliofunga duka siku tatu, na akina mama wa vichanja, ambao kazi hii sasa iko mikononi mwao na mwa shemeji kama atakubali.

Nasema kama atakubali kwa sababu juzi aliniambia kwamba hawezi kuingia tena kwenye chumba kile cha viazi, na kwamba shimo analijua, humo mtu hafikirii. Nilielewa kwamba anawaza kurudi duarani.

Lakini mwisho nawashukuru wachimbaji wa Geita, ambao waliomba wao ndio wachimbe kaburi. Leo asubuhi shemeji alikwenda pale, akavua koti, akataka kushuka kuwasaidia, na Bwana Mwita, akiwa ndani ya kaburi mpaka kifuani, akamzuia kwa mpini wa koleo, akamwambia, "Baba Mariana, Mama Karanga alikupandisha, sisi hatukushushi hata futi moja. Kaa hapo juu." Shemeji alikaa juu ya udongo, watoto wake wakamfuata wakakaa naye, na hakuna aliyeinuka mpaka kazi ilipokwisha.

Nyamizi, mdogo wangu, mumeo yuko juu, tumemwona sote, na hapo hapo tutamshikilia. Pumzika sasa, mama, kwa amani ya Bwana.