Sista Athieno na Alama Mbili za Chai ya Kijani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutusumbua, Sista Goretti Athieno anastaafu unesi katika kituo chetu cha afya. Hatimaye kliniki ya presha itapata amani, na wagonjwa wataruhusiwa kuongea.

Alitoka Mwello mwaka 1992 akiwa na cheti, sanduku la bati na kanuni moja: hapimwi mtu presha kabla ya kukaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini. Pengine kanuni hiyo inafaa miji mingine. Hapa Busia, mtu akinyamaza dakika tano majirani huanza kuuliza msiba uko wapi. Wafanyabiashara wa mpakani walimsihi awapunguzie zifike mbili, kama wanavyopunguziana bei ya mchele. Hakupunguza hata nusu.

Mimi ninayetunza mafaili ya kituo nilipimwa naye mwaka ule vita viliponihamisha kwetu, nikaja hapa kwa miezi mitatu tu, ambayo bado haijaisha. Zile zilikuwa dakika tano za kwanza, kwa muda mrefu, ambazo sikuwa nikisikilizia mlango nani anakuja. Lakini haya naandika kwa ajili ya sherehe. Turudi kwenye makosa yake.

Kosa kubwa lilikuwa la chai. Miaka mitatu iliyopita mkuu wetu, Daktari Lenox, mtu mwenye moyo mzuri na semina nyingi, alirudi na habari kwamba chai ya kijani huzibua mishipa ya damu. Wiki iliyofuata katoni zilipangwa kwenye dirisha la dawa, chini ya bango lenye picha ya moyo unaotabasamu. Wananchi waliipokea sayansi kwa mikono miwili, kisha wakairekebisha. Kwetu chai bila maziwa ni tangazo kwamba ng'ombe amekufa, na bila sukari ni tangazo kwamba mgeni hatakiwi. Basi chai ya kijani ilichemshwa na maziwa, tangawizi na sukari ya kutosha, mpaka ikawa na rangi ya chai zote za Busia. Waliokunywa walisema wanaisikia mishipa ikifunguka.

Badala ya kufurahi na wenzake, Athieno alikwenda kusoma. Alikuja kwenye mkutano wa wafanyakazi na kurasa kumi na moja, akaeleza kwamba ni kweli majani yale yana viini viitwavyo katekini, vinavyosaidia utando wa ndani wa mishipa kuilegeza. Na kwamba watu waliopimwa katika utafiti presha yao ilishuka, kwa wastani, alama mbili hivi. Akaomba bango liongezewe maneno mawili: Usiache vidonge. Alijibiwa kwa barua ya onyo, kosa likiwa kuvuruga mradi. Aliikunja mara nne akaiweka chini ya mguu wa meza yake uliokuwa mfupi. Meza haijayumba tena. Sijaona barua ya ofisi yenye manufaa kuliko ile.

Aliyeliamini bango kuliko sote ni Bwire, askari wetu wa geti. Aliacha vidonge, akajinunulia katoni. Asubuhi moja Athieno alimkuta kikombe kimemponyoka, naye anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Akamketisha kwenye kliniki, na hata siku hiyo hakumpunguzia dakika. Mashine ikasoma mia mbili na kumi. Bwire alijitetea kwamba tangu alfajiri ameshakunywa vikombe vitatu.

"Chai inashusha mbili, mzee," Athieno alimwambia. "Wewe uko mia mbili na kumi. Toa mbili, uniambie zimebaki ngapi."

Bwire, ambaye huhesabu malori ya siku nzima bila kalamu, safari hii aliomba kalamu. Kisha akasema, "Sista, nirudishie vidonge vyangu."

Kwa wiki tatu Athieno alipitia nyumbani kwa Bwire huko Masaba kila jioni kuhakikisha amemeza, kazi isiyoandikwa kwenye mkataba wa mtu yeyote. Yale maneno mawili aliyaandika bangoni mwenyewe, kwa mkono wake. Hakuna aliyethubutu kuyafuta, hata Daktari Lenox, ambaye siku hizi huyasoma kwa sauti mbele ya wageni kana kwamba aliyaleta kutoka semina.

Ijumaa, kwenye sherehe ya kukuaga, kutakuwa na hotuba saba. Kamati ya zawadi, baada ya kutafakari kwa kina, imekununulia, Sista, katoni mbili za chai ya kijani: moja kwa kila alama. Atakayezibeba ni Bwire, presha mia moja thelathini na nne asubuhi ya leo, kwa mkono uleule. Zipokee. Ukitaka kuzichemsha na maziwa, hatutamwambia mtu.

Asante kwa usumbufu wote. Tunakutakia dakika tano, kisha tano nyingine, na nyingine, mgongo umeegemea, miguu chini, wala pasiwe na mlango wa kusikilizia.