Hodi ya Ukurasa wa Mwisho

Benchi letu liko nyuma ya stendi ya Voi, kando ya duka la vipuri, mahali vumbi la magari halifiki lakini kelele zote zinafika. Hapo Kavinya huuza kahawa na kaimati. Asubuhi hiyo Mzee Nashon, mstaafu wa reli, alikuja nusura akimbie, kitabu kwapani. Tangu atolewe mtoto wa jicho tunamwita Macho Mapya, na kweli anayatumia. Miaka mingi hakuweza kusoma hata bango la dukani. Sasa amemaliza vitabu viwili mfululizo.

— Kavinya, nimiminie kahawa! Jamani, sikulala.

— Umeibiwa? akauliza Musyimi. Yeye tunamwita Wakili, ingawa kortini huenda kusikiliza tu.

— Nimesoma! Kile cha kwanza, cha ukame, kilinichosha. Mwandishi anaeleza jua, kurasa kwa kurasa. Mimi nakaa Voi, nielezwe jua la nini? Lakini hiki! Mwanamume anaacha mke, anapotea miaka tisa. Mke analima, anasomesha watoto, anajenga nyumba ya mawe. Siku moja mvua kubwa inanyesha, hodi! Ni yeye. Mama anashika komeo... basi!

— Basi vipi? akauliza Chrispine wa bodaboda.

— Karatasi imeisha! Nimetafuta mpaka ndani ya jalada. Hakuna kitu!

Musyimi akaweka kikombe chini.

— Atafungua. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Mgeni gani? Kavinya akadakia. Huyo ni mtoro!

— Kisheria, mlango ni wa mume.

— Nyumba kajenga mama! Nashon akapiga kelele. Mawe kabeba kwa kichwa chake, nimesoma kwa macho yangu haya!

Chrispine akatikisa kichwa kama mtu anayetuhurumia.

— Nyinyi hamkuelewa. Jamaa alishakufa kitambo. Anayebisha ni mzimu. Mbona kaja na mvua? Damu nzito kuliko maji.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Fikiria tu, Wakili. Utaelewa ukifika nyumbani.

Mimi nami nikaona nisipitwe.

— Na kama ni ndovu? Shangazi yangu kule Ndara alibishiwa mlango na ndovu aliyenusa mahindi.

— Ndovu ameingiaje kwenye hadithi ya watu?

— Ametoka kwa kile kitabu cha ukame. Anatafuta maji!

Kavinya alicheka mpaka akamwaga kahawa. Nashon hakucheka. Alikuwa amesimama, kitabu juu, ana hamu kama kijana.

— Jamani, huyu mama namjua kama jirani! Niambieni, anafungua au hafungui?

— Lazima afungue! Musyimi akapiga benchi ngumi.

— Baba Ben, wewe unatetea mlango wako, Kavinya akamwambia.

Hapo kila mtu aliinamia kikombe chake. Musyimi aliwahi kupotelea Mombasa miaka saba, na hakuna asiyejua.

— Ndio, nilirudi, akajibu bila haya. Na mke wangu Katuku, Mama Ben, alinifungulia! Hakuuliza swali hata moja. Alinipakulia muthokoi, nikala. Kesi imekwisha.

Kulikuwa na mama pale, Nasambu, abiria wa kwenda Taveta, aliyekuja kununua kaimati. Alikuwa amesimama na mkoba wake anatusikiliza.

— Samahanini, akasema. Huyo mama wa kitabuni, yeye mwenyewe alikuwa anataka nini?

Tukamgeukia Nashon. Akafungua kitabu, akapitisha kidole.

— Hapa analima... hapa anauza mbaazi... hapa watoto wanamuuliza baba yao yuko wapi...

— Sawa. Lakini anataka nini?

Nashon akafunua kurasa mbili tatu tena, akakifunga kitabu.

— Mimi nilikuwa nangoja tu yule mwanamume arudi.

Chrispine akajikuna shingo. Mimi nikamrudisha ndovu wangu Ndara. Gari la Taveta likapiga honi, Nasambu akaaga, akaondoka.

Musyimi alikuwa anaangalia kahawa yake.

— Kunipakulia, alinipakulia, akasema polepole. Lakini alitaka nini, hilo sijawahi kumuuliza.

Akasimama, akanyoosha mkono.

— Nashon, niazime.

— Ala! Mimi nataka kuanza upya sasa hivi!

— Kesho nakurudishia. Si cha kusoma mimi. Nampelekea Mama Ben.

Nashon alikishikilia kidogo, kisha akakiachia. Musyimi akakitia ndani ya koti, akafunga vifungo vyote, jua kali vile. Chrispine tayari alikuwa amewasha pikipiki.

— Panda, Wakili, nakupeleka mimi!

Wakaondoka. Nashon akawafuata mbio mpaka barabarani, kikombe mkononi, anapaza sauti:

— Mwambie asianzie mwisho!